Machicha ya Siku ya Tatu

Ukucha wa kidole gumba cha Skolastika ulibaki kwenye kamba na mwenyewe hakujua. Alikuja kujua alipotua chini, alipoona watu wa Magunia wanamwonyesha vidole na kupiga vigelegele kama mwali katolewa nje. Akatazama mkono. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kiwikoni, na kidole chenyewe kimebaki kitupu, chekundu, kama kitoto cha panya kilichozaliwa sasa hivi.

"Usikiangalie!" Mjomba Gervasi akafoka kutoka kwenye mstari wa chokaa. "Mkono huo si wako leo, ni wa mtaa! Gunia! Kamata gunia!"

Akakamata gunia. Tuseme alilikumbatia, maana vidole vilikuwa havifumbi tangu asubuhi. Siku ya tatu ndivyo ilivyo, muulize yeyote aliyewahi kuingia mashindano ya Siku Nne. Siku ya kwanza mwili ni wako, unautuma unavyotaka. Siku ya pili unauma kila mahali, lakini bado unakusikia. Siku ya tatu hauumi sana, na hapo ndipo pa kuogopa: mapaja yamevimba, chakula hakipiti, usingizi hauji, na ukiuambia mkono "funga" unakutazama tu kama mtoto wa jirani.

Kilo themanini za mchanga mbichi. Ngazi mia na ishirini za chuma, zinazozunguka tangi kuukuu la kiwanda cha magunia, kile ambacho mtaa ulirithi jina lake. Na kando yake, kwenye ngazi zinazotosha mtu mmoja na nusu, alikuwepo Mwanaidi wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke mwenye shingo kama kinu, aliyekuwa anaongoza kwa pointi mbili tangu juzi.

Ngazi ya sabini, Mwanaidi alimpiga kiwiko cha mdomo. Siku Nne haina rafu. Ina kufika na kutofika. Skolastika alisikia jino linaachia, akalimeza pamoja na damu yake, kwa sababu kutema ni kupoteza pumzi. Ngazi ya tisini alimbana Mwanaidi kwenye reli, akajitupa mzimamzima, gunia na mwili, juu ya mfupa wa mtulinga. Ukalia kama muwa unavunjwa gotini. Mwanaidi hakupiga kelele. Alihamishia gunia bega la pili akaendelea kupanda, mkono wa kushoto ukining'inia kama shati lililoanikwa.

"Mtupe chini!" akinamama wa Magunia walipiga mayowe. Ni haohao waliokuwa wakimletea Skolastika uji na kumwita mwanangu. "Mtupe, aende kwao akanywe matope!"

Hakumtupa. Alimpita, akafika juu, na kengele akaipiga kwa paji la uso maana mikono ilikuwa imegoma.

Huko chini watu walikumbatiana, wakakanyagana, mzee mmoja akazimia akamwagiwa maji ambayo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuyamwaga. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mlevi angeiweza. Magunia inaongoza. Mwanaidi kavunjika. Kesho limebaki pambano moja, la kusukumana gogo. Skolastika hakutakiwa hata kushinda. Alitakiwa asimame tu. Asimame, baada ya kupita kipimo cha alfajiri.

Kipimo hicho kilikuwa kimewaangusha wengi kuliko magunia. Msuli ukifanyishwa kazi kupita kiasi, leo, kesho na keshokutwa, unachanika na kumwaga vya ndani kwenye damu. Wataalamu wana jina lao refu. Mtaani wanaita machicha, kwa kuwa ni kama nazi iliyokamuliwa mpaka yakabaki makapi. Machicha yakizidi, figo zinaziba kama karo, chumvi inapanda, moyo unasahau mapigo yake. Kwa hiyo mchezaji akikutwa alfajiri na machicha zaidi ya elfu ishirini, hakanyagi chokaa, na mpinzani anapewa ushindi hata kama amelala kwenye machela.

Skolastika alipimwa palepale chini ya tangi. Elfu sitini na moja.

"Kawaida," Mjomba Gervasi akasema, akimfunga kidole kitambaa. "Mwaka juzi tulikuwa na wa themanini. Twende kwa mtani wako akakuoshe damu."

*

Mashine yenyewe inaitwa Pacha. Ni kubwa kama friji, ina upande wa kijani na upande mweupe, na mipira minne. Mchezaji analala upande wa kijani, mtu mwingine upande mweupe. Pacha inazuia chembe za damu zibaki kwa mwenyewe, inavusha yale maji ya damu pamoja na machicha yake mpaka kwa huyo wa pili, na figo za huyo wa pili, ambazo hazikubeba gunia wala kupanda kamba, zinafanya kazi ya watu wawili. Saa mbili zinatosha. Huyo wa pili anaitwa mchujaji.

Na mchujaji, tangu mwaka wa kwanza, lazima awe mtani. Serikali haikuandika hivyo mahali popote. Watu wenyewe ndio walioona. Ndugu akikaa upande mweupe analia, anaharibu kazi. Mgeni atakwenda mahakamani. Mtani ndiye aliyezoea kazi zenu chafu: ndiye anayewazikia, ndiye anayelala kaburini kuwazuia msishushe maiti mpaka mumpe kitu, ndiye anayewatukana mbele ya wakwe na hamna haki ya kununa. Mtani wa Skolastika alikuwa Kalunde, Mnyamwezi, muuza mihogo ya kukaanga kwenye geti la kiwanda, mwanamke ambaye nyumba yake haijawahi kukosa wageni watano na ambaye habari zote za mtaa hupita kwake kwanza zikaungwe chumvi.

Siku ya kwanza Kalunde aliingia chumba cha mizani cha kiwanda, Pacha ilipowekwa, akiwa amejitanda khanga mbili kama anakwenda harusini. Bi Tausi, nesi wa mashindano, alimuuliza mbele ya watu kama sheria inavyotaka: "Unakubali?"

"Nikatae niende wapi?" Kalunde alijibu. "Waluguru hawa mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa ajili ya kutembea mlimani. Nisipowabeba mimi watafika?"

Chumba kilicheka mpaka bati likalia.

Leo Skolastika aliingia akiwa na kicheko hicho hicho tayari mdomoni, kimechanganyika na damu ya jino. Alimkuta Kalunde ameshalazwa upande mweupe, khanga imefunikwa mpaka kidevuni, jua la alasiri linampiga usoni kutoka dirishani na yeye hajahangaika kugeuza kichwa.

"Mpagazi wangu," Skolastika akaanza. "Inuka, mzigo umefika."

Kalunde hakujibu.

"Nimemvunja Mwanaidi mtulinga. Hukusikia? Mlio ulifika mpaka Tabora kwa bibi yako."

Bi Tausi alijifanya anakung'uta mpira ambao haukuwa na kitu.

Skolastika alikaa kwenye kitanda chake. Mtu anaweza kumjua Kalunde miaka minane na asijue uso wake ukoje ukiwa umetulia, kwa sababu hautulii. Sasa ulikuwa umetulia. Ulikuwa umevimba pia, chini ya macho, na midomo imekauka ikapasuka. Chini ya kitanda palikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko.

Akainama kulichukua. Vidole havikushika, akalivuta kwa viganja viwili kama mtu asiye na mikono, akafungua mfuniko kwa meno.

Ndani mlikuwa na kitu cheusi cheusi, rangi ya kahawa ile chungu ya kwenye birika la kijiweni. Kiasi cha vijiko vitatu.

Rangi hiyo aliijua. Wachezaji wote wanaijua, wanatishiwa nayo kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi. Asubuhi hiyo mkojo wake mwenyewe ulikuwa mchache, lakini wa manjano, safi kama wa mtoto.

"Bi Tausi. Huu wa nani?"

"Weka chini hilo, mwanangu, ulale nikuunge. Muda unakwenda."

"Nimeuliza huu wa nani."

Bi Tausi alikuwa amegeuza kioo cha Pacha kikatazama ukuta. Skolastika aliinuka, akaisukuma ile mashine kwa bega mpaka ikazunguka. Upande wa kijani kulikuwa na namba yake, elfu sitini na moja. Upande mweupe, laki moja na elfu arobaini na mbili. Na chini ya hiyo mstari wa moyo, unaokwenda, unasita, unaruka, unasita tena kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

"Tangu lini?"

"Jana," Bi Tausi akasema. Alikuwa mama wa makamo, mwenye heshima zake, na sauti ilimtoka kama amebanwa mlangoni. "Jana alasiri machicha yake yalishafika elfu themanini. Figo zake ni ndogo, hazikuwahi kupimwa vizuri. Mlimleta kwa sababu ana maneno."

"Na yeye hakusema?"

Nesi alifungua daftari la ridhaa, lile ambalo majibu ya mchujaji yanaandikwa neno kwa neno, akalisogeza.

Siku ya pili. Unakubali? *Sikubali. Mgongo unakatika, naona giza, niondoeni hapa, mnaniua.* Na mbele yake, kwa mwandiko mzuri wa Bi Tausi: *Amekubali, kwa utani.*

Skolastika alisimama pale akaikumbuka jana yote. Kalunde akisema maneno hayohayo, ameshika kiuno. Watu wakiangua kicheko. Mjomba Gervasi akifuta machozi kwa kofia. Na yeye mwenyewe, Skolastika, akipaza sauti kuliko wote: "Ukifa tutakuzika na karai lako, huko kuzimu wakakukaange wewe!" Kalunde alimtazama kitambo, halafu akalala, akanyoosha mkono wa sindano.

"Kalunde," akasema sasa. Alitaka kupiga magoti kando ya kitanda. Magoti yaligoma kupinda akaanguka nayo. "Kalunde, niambie kweli. Sifanyi utani."

Kalunde aligeuza macho tu. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayehesabu pumzi.

"Nilisema jana. Mkacheka. Wewe ulicheka kuliko wote."

*

Mjomba Gervasi aliingia na wanaume wawili wa kamati ya mtaa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua cha kuku, asiyependa kurudia neno. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba analea tu. Yeye ndiye aliyemtoa Skolastika shule akamtia kwenye kamba na magunia alipokuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna aliyeuliza.

"Hamjaunganisha?" Akaona daftari. Akaona kopo. Akafunga mlango kwa nyuma, taratibu, na hapo Skolastika akajua kwamba alikuwa anafahamu.

"Mjomba, anakufa."

"Huenda."

"Huenda?"

"Huenda akafa, huenda asife. Saa mbili tu. Tukishamaliza tunamkimbiza hospitali ya mkoa, gari nimeshaliweka." Akachuchumaa mbele yake, wakawa macho kwa macho. "Skola. Bomba ni moja. Mtaa unaoshinda unapata maji kwanza mpaka masika, unaoshindwa unapata yanayobaki, na mwaka huu hayatabaki. Unajua wakati hatuna mashindano tulikuwa tunagawanaje?"

Alijua. Asubuhi moja, kwenye valvu ya bomba, panga kwa panga, Magunia na Ng'ambo. Watu arobaini na mmoja walikufa, na haikufika saa nne. Ndipo wakubwa wa pande zote wakakaa, wakaona afadhali wavunjike wawili kuliko kufa mia.

"Dada yangu alikufa ameshika ndoo," Mjomba Gervasi akasema. "Mama yako. Nilimfumbua vidole mimi mwenyewe kwenye mpini. Kesho ukikosekana, hawa watu wa kwetu hawatalala na kiu wakati Ng'ambo wanaosha vyombo. Watakwenda tena pale kwenye valvu. Weka upande huu arobaini na mmoja, upande huu mmoja. Niambie wewe."

Skolastika aliipima hesabu hiyo, akaona iko sawa. Hilo ndilo lililomtia hasira.

"Tumuulize mwenyewe," mmoja wa wanaume akashauri. Alikuwa fundi viatu, mtu mpole siku za kawaida. "Mama Kalunde, mtani wetu. Unakataa?"

Kalunde alifumba macho. "Watoto wangu watatu wanakunywa bomba hilohilo," akasema. "Nikikataa nawaua wangu, nikikubali nawaacha yatima. Msinirudishie swali. Nilishalijibu jana, mkaandika mnalotaka."

Nje ngoma zilikuwa zimeanza, na mtu fulani anaimba jina la Skolastika na kulitia vibwagizo vya matusi kwa Ng'ambo.

"Mlaze," Mjomba akawaambia wale wawili.

Walimshika mabega. Hawakumshika kwa ubaya. Walimshika kama unavyomshika mgonjwa asijiumize. Skolastika alijilegeza akawaacha wamfikishe ukingoni mwa kitanda, macho yake yako kwenye mipira minne ya Pacha. Miwili ya kijani, miwili myeupe. Soketi zake za chuma, sawasawa zote.

"Bi Tausi," akauliza. "Hii mashine inajuaje nani mchezaji?"

"Haijui," nesi akajibu bila kufikiri. "Inajua kijani na nyeupe."

"Kwa hiyo ukigeuza mipira?"

Mjomba Gervasi ndiye aliyeelewa kwanza, akanyoosha mkono kumziba Skolastika kinywa, naye akamtandika kichwa cha uso.

Siyo jambo linalofanyika. Unaweza kumtukana baba yako katika koo zile ukasamehewa mwezi ukifa. Kumpiga mjomba ni kama kujitoa mwenyewe kwenye ukoo. Pua ilivunjika kwa mlio mlaini. Mjomba aliketi chini kwa mshangao kuliko kwa maumivu, ndevu zimejaa damu.

"Umenipiga," akasema. "Skola, umenipiga mimi."

Fundi viatu akamkaba shingo kwa nyuma. Skolastika hakuwa na vidole vya kumwondoa. Alikuwa na miguu iliyopanda ngazi mia na ishirini na kilo themanini. Akaiweka yote miwili kwenye ukuta wa mbele akasukuma. Walikwenda kinyumenyume chumba kizima, mgongo wa fundi ukapokewa na mizani ya zamani ya chuma, mbavu zikalia, mkono ukaachia. Yule wa pili, mtu wa miraba minne anayepakua mizigo sokoni, alikuwa ameshachukua jiwe la mizani la kilo tano. Alilishusha akilenga bega. Skolastika aliinua mkono wa kushoto. Mfupa wa chini ya kiwiko ulikatika, aliuona ukikatika, na kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu haukuuma. Ulipinda tu mahali pasipo na kiungo. Akamng'ata mkono uliolishika jiwe. Alikwenda mpaka kwenye kitu kigumu, akabaki hapohapo, anatikiswa huku na huku kama mbwa, mpaka jiwe likaanguka na yule bwana akaanza kulia jina la mama yake.

"Nje!" Bi Tausi alikuwa amefungua mlango. Ameshika mkasi mkubwa wa bandeji. "Nje nyote wawili! Nimeandika uongo jana, leo siandiki! Tokeni!"

Walitoka, mmoja anaburuta mwenzake. Nesi akapiga komeo. Ngoma za nje zikakatika kwa vipande, moja, halafu nyingine, watu walipowaona.

Mjomba alikuwa bado sakafuni.

"Geuza mipira," Skolastika akasema.

"Mwanangu, haijawahi kufanywa. Figo zako nazo zimechoka. Hizo laki moja na arobaini zikija kwako zote..."

"Hazikuwa zake. Za siku ya kwanza zangu, za jana zangu. Geuza."

"Mnaweza kufa wote."

"Na tusipogeuza?"

Bi Tausi alitazama mstari wa moyo, ukisita na kuruka. Akaweka mkasi chini, akaanza kuchomoa soketi.

*

Inaanza na ladha. Ulimi unakuwa kama umelamba msumari. Kisha baridi inaingia kupitia sindano, inapanda mkono mzima, inafika kwapani. Skolastika alilala kwenye kitanda chake, mipira myeupe ikiwa kwake sasa, mkono uliovunjika umelazwa juu ya tumbo kama kitu cha mtu mwingine, akatazama namba. Upande wa kijani, Kalunde: laki moja na elfu arobaini na mbili. Arobaini na moja. Arobaini na moja bado. Thelathini na tisa.

Halafu mgongo. Hakuwa ameyajua maumivu, akatambua. Alidhani anayajua kwa sababu ya kamba na magunia. Haya yalikuwa chini ya mbavu, pande zote mbili, mtu anatwanga ndani kwa mchi na hapumziki. Jana Kalunde alikuwa nayo haya aliposema mgongo unakatika, na alikuwa bado na adabu ya kusimama.

"We Mluguru." Kalunde alikuwa amegeuza kichwa. "Unafanya nini?"

"Nachukua vyangu."

"Na watoto wangu? Maji?"

Skolastika alitafuta jibu zuri. Nje watu walikuwa wanaanza kusogea, unasikia changarawe, unasikia mtu anauliza kwa nini kamati imetoka inavuja damu.

"Sijui, Kalunde. Kesho nitakwenda mwenyewe Ng'ambo kwa Mwanaidi, nimpigie magoti kama nitakuwa nayo. Sijui. Lakini maji niliyokuwa niwaletee yalikuwa yanatoka kwako."

Kalunde hakusema ahsante wala hakucheka. Machozi yalimtoka kwenye jicho la upande wa chini, moja kwa moja mpaka kwenye mto wa kulalia, na akayaacha.

Mjomba Gervasi alisimama. Ilimchukua muda, alishika kitanda, kisha ukuta. Alikuja mpaka kwenye waya wa Pacha, ule mweusi, mnene, unaoingia ukutani, akaushika. Bi Tausi alitazama mkasi, lakini ulikuwa mbali.

"Bado tuna usiku kucha kabla ya kipimo," Mjomba akasema, na maneno yalimtoka na mapovu ya damu. "Nikichomoa sasa, nikageuza, tunaweza kupita."

"Chomoa," Skolastika akamwambia. Mchi ulikuwa unatwanga, alizungumza katikati ya mapigo. "Mimi siwezi kuinuka tena. Chomoa, Mjomba. Lakini muulize kwanza. Akijibu, usicheke."

Mjomba alimtazama Kalunde. Alikuwa amekula mihogo yake kila asubuhi kwa miaka minane na kumwita mla panya kila asubuhi, na kujibiwa, na kwenda kazini amefurahi. Kalunde naye akamtazama. Hakumwomba kitu. Midomo iliyopasuka ilifunguka, na yule mzee, kabla neno halijatoka, aliinua kiganja kama anazuia pigo.

"Basi," akasema. "Basi, mama. Nimesikia."

Akauacha waya. Akaenda dirishani, akafuta pua kwa mkono wa shati, ikawa mbaya zaidi, akasukuma bati la dirisha likafunguka lote. Mwanga uliingia, na uso wa mtaa mzima ukaingia nao: wauza genge, mafundi, akinamama wa uji, wazee wa kamati, wamebanana mpaka kwenye tangi, macho yote kwake.

"Watu wa Magunia," akaanza. Sauti ikamkatika, akaanza upya. "Watu wangu. Kesho hatuna mchezaji."

Mwanamke mmoja mbele kabisa, mwenye ndoo kichwani, ndiye aliyeuliza.

"Kafa?"

Mjomba angeweza kusema ndiyo. Skolastika alimwona mgongo wake ukilifikiria, mabega yakipanda na kushuka. Mchezaji aliyekufa analiliwa, mtaa wake unaomba mwaka mwingine, hakuna anayechoma nyumba ya maiti.

"Hajafa," Mjomba Gervasi akasema. "Amekataa."

Jiwe la kwanza lilimpata yeye mdomoni. La pili lilipita juu ya bega lake, likagonga ukuta kando ya Pacha. Alivuta bati la dirisha akalifunga, akaegemea mgongo wake hapo, mikono ameipanua, na mawe yakaanza kulia pande zote, juu, ubavuni, mlangoni, mlango nao ukaanza kupigwa kwa kitu kizito chenye vishindo vya watu wengi. Hesabu ya kijani ilikuwa imefika laki moja na elfu kumi na nane.

"Nizime?" Bi Tausi alipiga kelele katikati ya ile mvua ya mawe. "Skola! Wataingia! Nizime?"

Skolastika alihesabu vishindo vya mlango, akahesabu komeo, akatazama namba ya Kalunde.

"Ongeza kasi," akasema.